Kuchagua dima kwa nyumba yenye taa mchanganyiko: mwongozo kamili

Sebule ya nyumba nyingi zilizojengwa au kukarabatiwa Dar es Salaam katika miaka ya karibuni huwa na taa za aina tatu au nne chini ya dari moja: spoti za LED zilizozamishwa kwenye jipsamu, mkanda wa LED uliofichwa kwenye ukingo wa dari, taa ya kuning'inia katikati yenye balbu za umbo la mshumaa, na pengine tubu laiti iliyobaki upande wa meza ya chakula tangu familia ilipohamia. Mwenye nyumba akitamani mwanga hafifu wakati wa kutazama televisheni, huenda dukani akaomba swichi ya kufifisha mwanga, ile ambayo mafundi na wauzaji huiita dima, akafungiwa mahali pa swichi ya zamani. Jioni hiyo hiyo baadhi ya taa huanza kuchezacheza, nyingine huvuma kama mbu sikioni, na tubu laiti haiwaki kabisa.

Hayo yalinipata mimi mwenyewe nyumbani Tabata, na kwa wiki nzima nilimlaumu fundi, kisha nikaulaumu umeme. Hakuna kati yao aliyekuwa na kosa. Nilikuwa nimenunua swichi kwanza, kisha nikazitaka taa ziifuate, ilhali mpangilio unaotakiwa ni kinyume chake: taa ndizo zinazoamua, na dima huchaguliwa mwisho, baada ya kujua kila balbu iliyo nyuma yake ni ya aina gani na inavuta wati ngapi. Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio huo.

Kinachotokea ndani ya dima

Umeme unaofika nyumbani kutoka TANESCO ni wa volti 230 na masafa ya hezi 50. Maana yake ni kwamba mkondo hubadili mwelekeo mfululizo, na kila sekunde huwa na nusu-mawimbi 100, kila moja ikidumu kwa milisekunde 10. Dima ya kawaida haibani umeme kama mtu anavyobana koki ya maji. Inachofanya ni kukata kipande cha kila nusu-wimbi na kuruhusu kilichobaki kipite, mara 100 kwa sekunde, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Dima za zamani zilizotumia ukinzani zilipoteza umeme mwingi kwa joto. Aina ya kielektroniki inayotoshea ukutani ilitokana na kazi ya Mmarekani Joel Spira mwishoni mwa miaka ya 1950, na wazo hilo la kukata wimbi ndilo linalotumika hadi leo.

Ukataji ni wa namna mbili, na tofauti hii ndiyo kiini cha matatizo karibu yote. Dima inayokata mbele ya wimbi, ambayo kwenye boksi huandikwa “leading edge”, husubiri kwanza, kisha hufungua ghafla wimbi likiwa tayari limepanda. Dima inayokata nyuma ya wimbi, ambayo huandikwa “trailing edge”, hufungua wimbi likiwa sifuri, hulisindikiza likipanda taratibu, na hufunga kabla halijaisha. Balbu ya waya wa moto haijali lolote kati ya hayo, kwa sababu waya wake ni wa moto muda wote na haupoi kati ya nusu-wimbi moja na nyingine. Balbu ya LED ina draiva ndani yake, yaani saketi ndogo inayobadili umeme wa nyumbani uifae LED, na kwenye draiva hiyo mara nyingi kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Ikifunguliwa ghafla wimbi likiwa juu, kapasita hunywa mkondo mkubwa kwa mkupuo, mara 100 kila sekunde. Huko ndiko hutoka ule mlio, na huko ndiko balbu na dima huanza kuchakaa kabla ya wakati.

Hatua ya kwanza: kagua kila taa iliyo nyuma ya swichi

Zima swichi moja baada ya nyingine na uandike ni taa zipi zinazozimika. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini katika nyumba ambazo mafundi watatu tofauti wamepita, swichi ya sebule huweza kuwa inawasha pia taa ya barazani. Kisha, taa ikiwa imezimwa na imepoa, toa balbu moja ya kila aina na usome maandishi yaliyo kwenye kitako chake.

Balbu za waya wa moto na za halojeni za volti 230 hukubali karibu dima yoyote. Bado utazikuta kwenye taa za kuning'inia za zamani. Zina kasoro moja ambayo watu wengi hawaifahamu: ukipunguza umeme wake kwa nusu, mwanga hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo anayetumia dima kwenye balbu hizi kwa nia ya kuokoa yuniti za LUKU hapati faida anayoifikiria. Angepata zaidi kwa kubadili balbu.

Balbu za LED ni lazima ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya kufifishwa. Maandishi ya maboksi karibu yote ni ya Kiingereza, hivyo neno la kutafuta ni “dimmable”. Kinyume chake ni “non-dimmable” au “not dimmable”, na mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo chini kabisa, karibu na alama ya pipa la taka lililokatwa kwa msalaba. Boksi lisiposema chochote, hesabu kwamba balbu haifai. Balbu isiyofaa ikiwekwa kwenye dima yaweza kuwaka vizuri siku ya kwanza mwanga ukiwa wote, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Ikishushwa, huchezacheza, huzima ghafla katikati ya njia, au hufa baada ya muda mfupi.

Spoti na paneli za LED za kwenye jipsamu mara nyingi zina draiva ya pembeni, kijisanduku cha plastiki kilicholala juu ya dari na kuunganishwa na taa kwa kiwaya chembamba. Hapo maandishi ya kusoma ni ya draiva, si ya taa. Draiva nyingi zinazokuja bure na taa za bei ya chini hazififishiki, lakini zinaweza kubadilishwa bila kugusa taa yenyewe, mradi mkondo wa kutokea, unaoandikwa kwa milliampea, na kiwango cha volti vilingane na vile vya draiva ya zamani.

Spoti za volti 12 zenye transfoma zinahitaji uangalifu zaidi. Transfoma ya zamani ni nzito, ina koili na chuma, na hutaka dima ya kukata mbele. Transfoma ya kielektroniki ni nyepesi kama boksi la kiberiti, na nyingi hutaka dima ya kukata nyuma. Mbili hizi hazipaswi kamwe kuwekwa chini ya dima moja.

Mkanda wa LED wa volti 12 au 24 haufifishwi kwa dima ya ukutani isipokuwa draiva yake imeandikwa kwamba inakubali. Njia rahisi ni kuweka kidhibiti chake upande wa volti ndogo, kati ya draiva na mkanda, ambacho huwasha na kuzima mkanda kwa kasi kubwa na kwa kawaida huja na rimoti. Mkanda huo ubaki kwenye swichi yake ya kawaida.

Kilichobaki ni vitu visivyopaswa kabisa kuwa nyuma ya dima. Enegi seva za kawaida na tubu laiti haziwezi kufifishwa namna hii. Balbu za kuchaji, zile zenye betri ndani ambazo wakazi wengi wa Dar wamezizoea kwa sababu huendelea kuwaka umeme ukikatika, nazo hazifai, kwa kuwa zina saketi ya kutambua kama swichi imezimwa au umeme umekatika, na dima huichanganya. Balbu zinazoongozwa kwa simu hujififisha zenyewe na hutaka umeme kamili muda wote. Tena kuna feni: regyuleta ya feni na dima ya taa hufanana usoni kiasi kwamba nimewahi kuziona zimewekwa kwenye trei moja dukani, lakini feni ina mota, na dima ya taa huifanya mota ivume na kupata joto. Kila moja ibaki kwenye kazi yake.

Hatua ya pili: amua ni taa zipi zinazostahili kufifishwa

Si lazima kila taa ififie. Jikoni mtu anakata vitunguu na anataka kuona vidole vyake. Bafuni na ngazini mwanga kamili ni salama zaidi. Dima ina maana sebuleni, kwenye meza ya chakula na chumba cha kulala, na hata huko kwa kawaida ni kundi moja tu la taa linaloihitaji.

Uamuzi muhimu wa hatua hii ni kugawanya. Spoti zote ziwe chini ya dima moja, taa ya kuning'inia iwe na dima yake au swichi yake, mkanda uwe peke yake, na tubu laiti ihamishiwe kwenye swichi ya kawaida. Nyumba ikiwa bado haijapigwa lipu, mwambie fundi apitishe waya wa ziada kwenye bomba kwa kila kundi, hata kama leo huna mpango wa kununua dima. Mita chache za waya kabla ya lipu ni nafuu mno kuliko kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Nyumba ikiwa imekamilika na kundi haliwezi kutenganishwa, basi badili balbu zote za kundi hilo ziwe za aina moja, za kampuni moja na za modeli moja.

Msisitizo huo wa modeli moja una sababu. Balbu mbili za LED zinazofifishika, za kampuni mbili tofauti, hazishuki pamoja. Moja huanza kupungua mara tu unapogusa kitufe, nyingine hukaa imara hadi nusu ya safari kisha huanguka ghafla. Ukichanganya LED na halojeni jambo huonekana zaidi, kwa kuwa halojeni hugeuka rangi ya chungwa kadiri inavyofifia ilhali LED nyingi hubaki na rangi ile ile. Meza ya chakula yenye upande mmoja wa rangi ya asali na mwingine mweupe kama zahanati haipendezi, hata kama kiufundi kila kitu ni salama.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mzigo

Dima ina mipaka miwili, wa juu na wa chini, na wanunuzi wengi huangalia wa juu tu. Chukua mfano wa sebule yenye spoti nane za LED za wati 7. Jumla ni wati 56. Muuzaji anakupa dima ya kukata mbele iliyoandikwa wati 40 hadi 400, nawe unafurahi kwamba 56 imo ndani ya mipaka hiyo.

Haimo. Wati 400 hizo ni za balbu za waya wa moto. Kwa LED, kwa sababu ya ule mkupuo wa mkondo tulioueleza, uwezo wa dima ya kukata mbele hushuka sana, na mtengenezaji asipotaja kiwango cha LED, mafundi makini hutumia moja ya kumi: wati 400 huwa wati 40. Spoti zako za wati 56 zimepita. Kwa upande wa chini, dima hiyo inataka walau wati 40 ili itulie, kwa kuwa kifaa chake cha kukatia huhitaji mkondo fulani ili kibaki wazi. Kwa maneno mengine, kwa LED dima hiyo imebakiwa na nafasi finyu mno isiyo na matumizi. Ukiifunga chumbani kwenye balbu moja ya wati 7, itachezacheza kwa sababu ya upungufu wa mzigo, na watu watasema balbu ni feki.

Kwa hiyo tafuta dima yenye mstari maalumu wa LED kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelekezo, kwa mfano LED wati 5 hadi 150. Linganisha na jumla yako, na ubakize nafasi. Mimi huwa sipiti theluthi mbili ya kiwango cha juu. Dima nyingine hupimwa kwa volti-ampea badala ya wati, na hapo hesabu hubadilika: balbu ya wati 7 yenye kipengele cha nguvu cha 0.5, namba inayoandikwa kwenye balbu kwa herufi PF, huhesabiwa kuwa volti-ampea 14, yaani 7 kugawanywa kwa 0.5. Nane zake ni 112.

Dima mbili zikiwa kwenye bamba moja, zinapashana joto, na watengenezaji wengi hutaka kila moja ipunguziwe mzigo. Kiasi cha kupunguza kimo kwenye karatasi ya maelekezo, ile ambayo fundi huitupa pamoja na boksi.

Hatua ya nne: soma herufi na alama

Kwenye mgongo wa dima nzuri utaona herufi R, L na C. R ni mizigo ya ukinzani, yaani balbu za waya wa moto na halojeni za volti 230. L ni mizigo yenye koili, yaani transfoma za chuma. C ni mizigo yenye kapasita, yaani transfoma za kielektroniki na draiva nyingi za LED. Yenye R na L pekee ni ya kukata mbele. Yenye R na C ni ya kukata nyuma. Yenye zote tatu hutambua mzigo au huruhusu kuchaguliwa namna ya kukata. Hii ya mwisho ni ghali zaidi, lakini kwa nyumba ambayo balbu zake bado zinabadilishwa kidogokidogo, ndiyo ninayoipendekeza. Kwa kundi ambalo tayari ni la LED tupu, dima ya kukata nyuma yenye kiwango cha LED inatosha.

Angalia pia volti. Dima inayoletwa na ndugu aliyeko Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na hata umbo lake ni la mstatili mwembamba usiokaa kwenye boksi zetu za mraba. Haifai hata kama ni mpya na nzuri. Dima iwe ya volti 220 hadi 240, hezi 50, na ikiwezekana ionyeshe kwamba imezingatia kiwango cha IEC 60669-2-1, kinachohusu swichi za kielektroniki za majumbani.

Hatua ya tano: fungua swichi ya zamani na utazame

Kabla ya kwenda dukani, zima meni swichi, na inveta kama unayo, fungua skrubu mbili za swichi iliyopo, na upime kina cha boksi la ukutani. Boksi la milimita 16 ni fupi mno kwa dima. La milimita 25 hupokea baadhi, na la 35 hupokea nyingi bila kubana nyaya. Pima pia umbali kati ya matundu ya skrubu. Kwenye boksi la gengi moja, yaani la mraba la bamba moja, la mtindo wa Uingereza ni milimita 60.3.

Kisha hesabu nyaya. Katika nyumba zetu nyingi, waya wa moto hushuka kutoka darini hadi kwenye swichi na kurudi kwenye taa, na nyutro hubaki juu. Hivyo ndani ya boksi utakuta waya wa moto na ritani tu, yaani ule unaorudi kwenye taa, pengine na ethi. Dima za kawaida za nyaya mbili zimetengenezwa kwa hali hiyo. Dima nyingi za kuongozwa kwa simu zinataka nyutro, nazo ndizo zinazorudishwa dukani mara kwa mara kwa sababu hii. Jihadhari na rangi: waya mweusi kwenye nyumba ya zamani, au wa buluu kwenye nyumba mpya, ukiwa ndani ya boksi la swichi, mara nyingi ni ritani na si nyutro, na huwa na umeme taa ikiwa imewashwa.

Ikiwa taa inawashwa kutoka sehemu mbili, kama ile ya korido au ngazi, dima iwe moja tu, nayo iwe imeandikwa kwamba inakubali tu-wei. Upande wa pili ubaki na swichi ya kawaida ya tu-wei. Dima mbili za kawaida kwenye mstari mmoja hugombana.

Hatua ya sita: nenda Kariakoo na ujaribu kabla ya kulipa

Maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo yana desturi njema: muuzaji huwasha balbu mbele yako kwenye kibao chake cha majaribio kabla hujalipa. Desturi hiyo hupima tu kama balbu inawaka. Omba zaidi ya hapo. Omba dima unayotaka kununua iunganishwe na kibao, na balbu ya modeli unayotaka ifungwe juu yake. Wauzaji wengine watakunja uso, lakini ukisema unataka balbu nane, uso hukunjuka.

Mwanga ukiwa wote, shusha taratibu hadi chini kabisa. Sikiliza, kama kelele za mtaa zinaruhusu. La sivyo, sogeza sikio karibu na balbu. Kisha washa kamera ya simu na uielekeze karibu na balbu, ukitumia video ya mwendo wa polepole kama simu yako inayo. Mistari mizito ya giza inayotembea kwenye skrini ni dalili ya mwanga unaochezacheza hata kama jicho halijauona. Zima kabisa, halafu washa ukiwa umeacha kitufe chini. Balbu nyingine hazikubali kuanza kutoka chini, zikingoja kitufe kipandishwe.

Uliza pia balbu inashuka hadi asilimia ngapi, au tafuta namba hiyo kwenye boksi. Jicho la binadamu hudanganya hapa: mwanga uliopimwa kwa kifaa kuwa asilimia 10 huonekana kwa jicho kama asilimia 32 hivi, na wa asilimia 20 huonekana karibu na 45. Kwa hiyo balbu inayoishia asilimia 20 itakupa sebule iliyopungua mwanga kwa nusu tu machoni pako, jambo linalotosha kwa chakula lakini halitoshi kwa chumba cha mtoto mchanga. Kwa chumba hicho tafuta inayofika asilimia 5 au chini ya hapo.

Nunua balbu moja au mbili za akiba za modeli ile ile. Mwaka ujao modeli hiyo yaweza isiwepo sokoni.

Hatua ya saba: fikiria umeme wa akiba

Mwongozo wowote wa Dar es Salaam usiotaja kukatika kwa umeme umepungukiwa. Inveta zilizoandikwa “modified sine wave” hutoa wimbi lenye ngazi badala ya mkunjo laini, na dima hutegemea wimbi lipite sifuri kwa utaratibu ili ijue pa kukatia. Kwenye umeme wa namna hiyo dima huvuma, taa huruka, na vifaa vyaweza kuungua. Ikiwa inveta yako ni ya aina hiyo, taa zenye dima zisiwe kwenye saketi inayolishwa nayo. Acha saketi hiyo kwa taa za kawaida. Inveta za “pure sine wave” hazina shida hiyo. Jenereta ndogo ambayo mwendo wake hupanda na kushuka hufanya taa zilizofifishwa zipumue kufuata mngurumo wake. Tiba ni kupandisha mwanga wote hadi umeme urudi.

Hatua ya nane: kufunga

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na haya ni ya kumsimamia. Meni swichi izimwe, na inveta nayo izimwe, kwa sababu inveta hulisha nyaya hata meni ikiwa chini. Ajali nyingine huanzia hapo. Fundi apime kwa testa kabla ya kugusa waya. Apige picha ya nyaya zilivyokaa. Waya wa moto uingie kwenye tundu lenye herufi L, na ritani kwenye tundu lenye alama ya mshale au wimbi. Ethi ifungwe kwenye bamba kama ni la chuma, na skrubu zikazwe vizuri, hasa kwa nyumba za Kigamboni au Mbezi Beach ambako hewa ya chumvi hula miunganisho iliyolegea. Akitaka kupima nyaya za nyumba kwa mega, kifaa cha kukagua kama ganda la nyaya halivujishi umeme, dima itolewe kwanza, kwa kuwa volti 500 za kifaa hicho huiua. Wakati wa kubadili balbu, zima kwanza. Shoti moja ndogo kwenye soketi ya taa yaweza kuondoka na dima.

Baada ya kufungwa, rekebisha kiwango cha chini. Dima nyingi za LED zina kiskrubu au kitufe kidogo pembeni au chini ya bamba kwa ajili hiyo. Usirekebishe mchana. Fanya hivyo kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati mtaa mzima umewasha vifaa na volti huwa imeshuka. Kiwango kinachotulia saa hizo kitatulia saa nyingine zote. Shusha hadi balbu ya kwanza ianze kuchezacheza, kisha pandisha kidogo.

Taa ikiendelea kuwaka kama jicho la paka hata ikizimwa, angalia kama kuna kitaa kidogo cha kuonyesha swichi gizani, kwani kitaa hicho hupitisha mkondo mdogo unaotosha kuiamsha LED. Kwenye tu-wei, swichi ya upande wa pili ibadilishwe kwa isiyo na kitaa. Kitaa kikiwa cha dima yenyewe, fundi anaweza kuweka kwenye taa kifaa cha kubeba mzigo mdogo, ambacho watengenezaji wengi wa dima huuza. Kifaa hicho hicho husaidia pale ambapo jumla ya wati iko chini ya mpaka wa dima.

Acha taa ziwake saa moja mwanga ukiwa wa kati, kisha weka kiganja kwenye bamba. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, zima, rudi kwenye hesabu ya mzigo, na utazame kama nyaya zimesongamana ndani ya boksi. Kwangu Tabata, mlango wa sanduku la saketi breka una karatasi iliyobandikwa kwa ndani: jina la modeli ya balbu, modeli ya dima, idadi ya taa na jumla ya wati kwa kila chumba. Fundi aliyekuja mwezi uliopita kubadili spoti mbili aliisoma kwanza, akaenda dukani na namba hiyo mkononi.